MNYAMA AKIHARIBIKA TABIA, NANI WA KUULIZWA?

Huenda jina la Mtowisa hujapata kulisikia. Ni mji mdogo katika bonde la Ziwa Rukwa, kusini-magharibi ya Tanzania, chini ya ukingo mrefu wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Juu ya ukingo huo ndiyo nchi ya Ufipa, yenye baridi na upepo, na mji wake mkubwa ni Sumbawanga. Chini yake ndiko iliko Mtowisa, kwenye joto, mpunga, mahindi na makundi ya ng'ombe. Kutoka huko mpaka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Sisi watu wa pwani, tuliozoea paka barazani, punda vichochoroni na kasuku tunduni, pengine tutauliza: Tuna nini sisi na Mtowisa?

Tuna swali moja nao, ambalo huko huonekana wazi zaidi kuliko kwetu. Huko mbwa na ng'ombe si pambo la nyumba. Mbwa hulinda zizi na shamba. Na ng'ombe ndiye akiba ya mwenyewe, ndiye mahari ya mwanawe, ndiye karo ya shule. Basi mnyama wa namna hiyo akiharibika tabia, mwenyewe hawezi kulipuuza jambo hilo. Na swali lenyewe ni hili: Mbwa aliyekuwa mpole akianza kuuma, ng'ombe akikataa kukamuliwa, punda akipiga mateke, paka akichafua matandiko, je, kosa ni la nani, na wa kuulizwa ni nani?

JE, MNYAMA HUTENDA KOSA?

Sikiliza jinsi tusemavyo majumbani. Paka akidokoa samaki, twasema, "Mwizi huyu!" Punda akisimama njiani, "Mkaidi huyu!" Mbwa akiuma, "Mbaya huyu!" Na kwa kuwa tumekwisha mhukumu, hatuoni vibaya kumwadhibu. Aghlabu adhabu yenyewe ni fimbo, au jiwe, au maji ya moto, na wengine hutia sumu katika kipande cha nyama.

Lakini tulipime neno hili. Mwizi ni mtu ajuaye kuwa kitu ni cha mwenziwe, naye akakichukua. Paka hajui kuwa samaki ana mwenyewe. Ajua ana njaa na samaki yuko wazi. Mkaidi ni mtu aliyefahamu amri akaikataa. Punda huenda hakuifahamu amri, au ameifahamu lakini mguu unamuuma. Wanavyuoni wetu wote wanakubaliana kuwa mnyama hakukalifishwa: hana sala ya kuacha wala dhambi ya kuandikiwa. Aliyekalifishwa ni yule aliyemfunga kamba na kumwita wake.

Jambo hili laonekana dogo, lakini likikubaliwa hubadilisha mengi. Ikiwa mnyama hana dhambi, basi fimbo ya kumlipiza haina maana yoyote. Mbwa uliyemkuta amekwisha tafuna kiatu asubuhi, ukampiga adhuhuri, hajui kuwa apigwa kwa ajili ya kiatu. Ajua tu kuwa wewe ukija, huja na maumivu. Kesho yake atakukimbia au atakuuma, nawe utasema, "Si mnaona? Huyu ni mbaya kweli kweli!" Na kumbe ubaya huo umemfundisha wewe mwenyewe.

TABIA NI NAMNA YA KUSEMA

Mnyama hana ulimi wa kueleza alipopatwa. Akiumwa, akiogopa, akiwa na njaa au upweke, analo jambo moja tu la kufanya, nalo ni kubadilisha mwenendo wake. Kwa hiyo yule aitwaye na sisi mnyama mwenye tabia mbaya, mara nyingi ni mnyama anayesema.

Ng'ombe apigaye mateke anapokamuliwa, kwanza atazamwe kiwele chake. Kikiwa kimevimba na kina joto, na maziwa yana mabonge, huo ni ugonjwa wa kiwele, na kila chuchu inapominywa ni kama kuminywa jipu. Ng'ombe atafunaye mifupa na vitambaa mara nyingi amepungukiwa na madini mwilini, na hasa fosforasi. Naye akiokota mfupa wa mzoga huweza kula sumu ikamuua. Punda arukaye akitandikwa, funua shogi uutazame mgongo. Kasuku ajinyonyoaye manyoya mpaka akabaki kifua wazi, huenda ana maradhi, au ni upweke wa kufungiwa peke yake siku nzima, kwani kwa asili yake kasuku huishi na wenziwe kwa makundi.

Na paka dume, ewe mama wa nyumba, ambaye ghafula ameanza kwenda huku na huku akichuchumaa, akitoa mkojo tone tone, au hautoi kabisa, usikimbilie ufagio. Paka huyo huenda njia yake ya mkojo imeziba, na akiachwa hivyo hufa katika siku chache tu. Wewe wamwona mchafu, naye yumo katika kufa.

Imepokewa katika hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika shamba la mtu mmoja wa Ansari, akamkuta humo ngamia aliyekuwa akilia na machozi yakimtoka. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio, ngamia akatulia. Kisha akauliza mwenye ngamia ni nani. Kijana mmoja akajitokeza. Akaambiwa amwogope Mungu kwa ajili ya mnyama huyo, kwa sababu mnyama amelalamika kuwa anamweka na njaa na kumchosha kwa kazi.

Itazame hadithi hii kwa utaratibu wake, ndugu yangu. Kwanza mnyama alitulizwa. Kisha ndipo likaulizwa jina la mwenyewe. Ngamia hakulaumiwa kwa kilio chake, bali aliyeitwa na kuulizwa ni mtu. Na sababu zilizotajwa ni mbili ambazo mpaka leo ndizo za kwanza kutafutwa na kila daktari wa mifugo: chakula na kazi.

MBWA WA MTOWISA

Sasa turudi bondeni. Tuseme yuko mtu wa Mtowisa mwenye mbwa wa zizi, mpole, ambaye watoto humchezea. Siku moja mbwa huyo anajificha uvunguni na hataki mwanga. Siku ya pili sauti yake imekauka, udenda unamtoka, na anauma kuni na mawe. Siku ya tatu anamuuma mtoto wa jirani mguuni. Mwenyewe afanye nini?

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni rungu: mbwa auawe, atupwe porini, na mambo yaishe. Ya pili ni kwenda kwa mganga kumtafuta aliyemtupia mbwa jini. Wenyeji hueleza kwamba hata jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Lakini jina halikuwazuia watu kuendelea kuutafuta. Wala sisi wa pwani tusiwacheke, kwani kwetu nako mbuzi akiyumba hufungwa hirizi kabla hajatazamwa kinywa. Njia ya tatu ni kumwita bwana mifugo na kumkimbiza mtoto kituo cha afya.

Ndugu Msomaji, katika njia mbili za kwanza mtoto huyo aweza kufa. Dalili hizo ni za kichaa cha mbwa, ugonjwa unaokaa katika mate na kupita katika kidonda, ukapanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua majuma au miezi kabla haujajionyesha kwa mtu. Ukishajionyesha, karibu hapana apatae kupona. Lakini kabla ya hapo upo mwanya wa kuokoka, nao ni huu: kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe upesi kuanza sindano za chanjo, wala asiache moja katika zile alizoandikiwa. Elimu hii si ngeni. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza huko Ufaransa mwaka 1885. Hata hivyo inakadiriwa kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na katika Tanzania peke yake kiasi cha 1,500, na watoto ni wengi miongoni mwao, kwa sababu mtoto ndiye amkaribiaye mbwa, na ndiye afichaye kidonda akiogopa kupigwa.

Ndipo tunapoona kwa nini kumwita ajuaye ni wajibu, wala si anasa. Mwenye rungu ameua mbwa, lakini hakujua ameua nini. Hakumwambia mtu, wala mzoga haukuchunguzwa. Mganga amechukua siku tatu za mtoto, na siku hizo hazirudi. Bwana mifugo ndiye ajuaye kutenga kati ya mbwa mgonjwa, mbwa mwoga, na mbwa aliyefundishwa vibaya. Akiona mbwa ni mzima na anafungika, humfungia na kumwangalia siku 10, lakini matibabu ya mtoto hayangoji siku hizo. Akiona ni mgonjwa, atasema auawe bila ya kuteswa, na kichwa kipelekwe kupimwa, na mbwa wa jirani wachanjwe.

Na huenda msomaji wa pwani akasema, "Sisi mbwa hatufugi." Basi tazama Pemba. Ni kisiwa cha Waislamu, na mbwa wake si wengi, na hata hivyo watu wa Pemba walikuwa wakiumwa na kufa. Zikafanywa kampeni za kuwachanja mbwa, na mwaka 2014 ugonjwa ukakatika. Kampeni zikalegea, na mwaka 2016 ukarudi kwa mbwa waliotoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na mwaka 2018 ukakatika mara nyingine. Mbwa wa mtaani asiye na mwenyewe ni amana ya mtaa mzima. Mtaa ukimwacha, mtoto wa yeyote ndiye atakayelipa.

"WATOTO HAWANA DAWA, NAWE WASEMA DAKTARI WA MBWA?"

Hapa kuna pingamizi mbili, nazo zina uzito.

Ya kwanza ni ya gharama. Mtu atasema: fedha ya nyumba ni chache, na mwanadamu ana haki zaidi ya mnyama. Ni kweli, mwanadamu ana haki zaidi. Lakini mara nyingi mzani huu huwekwa vibaya. Chanjo ya mbwa ni kitu kidogo mbele ya sindano za mtoto aliyeumwa, ambazo mara nyingi wazazi hujilipia wenyewe. Ng'ombe aliyetibiwa kiwele mapema ndiye atoaye maziwa ya mtoto. Na zaidi ya hayo, hakuna aliyetulazimisha kufuga. Mtu anunuapo punda huhesabu bei ya punda na bei ya shogi; basi na ahesabu pamoja nayo bei ya matibabu, kwani hiyo nayo ni katika bei yake. Asiyeiweza yote, ni afadhali asifuge kuliko kufuga na kutesa.

Ya pili ni ya masafa. Mtu wa Mtowisa atasema: daktari wa mifugo aliyesoma chuo kikuu yuko mbali, juu ya mlima. Nalo ni kweli, na mtu hakalifishwi asiloliweza. Lakini wajibu una ngazi zake. Asiyempata daktari amtafute bwana mifugo wa kata. Asiyempata huyo kwa leo, amuulize mchungaji mzee aliyekaa na ng'ombe miaka 40, kwani elimu haimo vyuoni tu, na wafugaji waliohamia bonde la Rukwa na makundi yao wana macho ambayo wengi waliosoma hawanayo. Na asiyempata yeyote, basi lililo chini kabisa ni kujizuia: asimpige mnyama kwa jambo asilolijua sababu yake, amtenge na watoto, ampe maji, na atume habari.

Utamjuaje mjuzi wa kweli? Kwanza, huuliza kabla ya kugusa: ameanza lini, amekula nini, nani mgeni nyumbani, amepata kuchanjwa? Pili, humtazama mnyama mwili mzima kabla ya kuhukumu tabia yake. Tatu, akifikia mwisho wa elimu yake husema, "Hapa sijui, mpelekeni kwa fulani." Anayekuahidi dawa kabla hajamwona mnyama, na anayekufundisha kwanza kupiga, wote wawili waepuke.

Na asikudanganye mtu kuwa bila ya fimbo mnyama hafundishiki. Huko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000 shirika liitwalo APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Akifanya sawa, panya husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula akipendacho. Akikosea hapewi, basi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa hapo mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na silaha 100 zilizofukiwa. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza, na mwaka 2022 akafa kwa uzee. Panya ambaye sisi twamfukuza kwa ufagio ameokoa miguu ya wanadamu, kwa subira na vipande vya chakula. Na sisi wa pwani tunao mfano ulio karibu zaidi: Lamu, ambako mwaka 1987 ilifunguliwa zahanati ya punda na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, kuwatibu bila ya malipo. Aliyekuwa akimchapa punda kwa kuchechemea aliweza sasa kuonyeshwa ukwato uliooza.

MWENYE KUJUA AKANYAMAZA

Limebaki jambo moja gumu. Yuko mtu ajuaye kuwa mnyama wake huuma, au hupiga pembe, naye akamwacha afunguke, akisema, "Hajazoea wageni tu." Wanavyuoni wa fiqhi walilizungumza jambo la madhara ya wanyama kwa kirefu, mpaka wakatenga kati ya mazao yaliyoliwa mchana, ambao ni wakati wa mwenye shamba kulinda, na yaliyoliwa usiku, ambao ni wakati wa mwenye mifugo kufunga. Msingi wao ni kwamba mnyama hadaiwi, na mwenye kuzembea hudaiwa. Mwenye kujua hatari na akaacha kuizuia, hawezi kuja kesho na kusema kuwa ni kudra.

Huyu wajibu wake ni kumtafuta mjuzi mapema, jeraha likiwa bado halijatokea. Na mjuzi akisema mnyama huyu hafai kukaa na watu, au ugonjwa wake hauponi, asibishane naye kwa mapenzi. Kumuua mnyama kwa upole, kwa mkono ujuao, ili mtoto asife na mnyama asiteseke, ni huruma pia. Ila huruma hiyo haisihi kuidai yule asiyemtazama mnyama wake hata siku moja kabla ya kuchukua rungu.

Na wewe mzazi, kumbuka kuwa watoto wako wanakutazama. Mtoto aonaye baba yake akimpiga punda anayechechemea, hajifunzi habari za punda peke yake. Anajifunza kwamba mwenye nguvu akiudhika, hana haja ya kuuliza sababu. Kesho atakuwa mwalimu, au askari, au mume, na mbele yake atasimama asiyeweza kujieleza. Lakini aonaye baba yake akiinama, akaunyanyua ukwato, akaona msumari, akatuma aitwe bwana mifugo, amejifunza kuuliza kwanza.

Basi leo jioni, kabla ya kufunga mlango, mtazame mnyama uliye naye. Kama amebadilika, usimtafutie jina la kumtukana. Mtafutie mtu wa kumtazama. Na kama ni mbwa au paka na hajapata kuchanjwa, uliza kwa bwana mifugo wa kwenu siku ya chanjo ni lini. Hayo ni machache, na kila nyumba inayaweza, ya Mtowisa na ya Mombasa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalifu wa amana zake, zinazosema na zisizosema. Amin.